Deni langu kwa mjumbe wa kamati ya shule

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nilipe deni ambalo nimetembea nalo kwa miaka mingi. Ninayetaka kumshukuru ni mama mmoja mkulima wa tangawizi katika milima ya Upare, Wilaya ya Same, ambaye mwaka huu ameomba apumzishwe ujumbe wa kamati ya shule ya msingi ya kijiji chetu, baada ya kuutumikia, akitoka na kurudi kadiri wazazi walivyomchagua, tangu siku za mwanzo za MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Jina lake silitaji. Nilimwomba ruhusa ya kulitaja, akanijibu kwamba likionekana gazetini watu watadhani anautaka udiwani uzeeni, na kwamba hana tena miguu ya kuzunguka vitongoji akikanusha. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu wa shule hiyo, na kwa cheo hicho nilikuwa katibu wa kamati. Kwa maneno mengine, maswali yake yote yalikuwa yakiniangukia mimi.

Kwa wasomaji ambao hawajapata kukaa katika vikao hivi, nieleze kidogo. Shule zetu za sekondari zina bodi, na wajumbe wa bodi mara nyingi ni watu wenye vyeo vyao na wanaojua kuvaa tai. Shule za msingi zina kamati, na wajumbe wengi wa kamati ni wazazi wa kawaida: mkulima, fundi cherehani, mwenye kiduka, mama wa vikundi vya kuweka na kukopa. Hawana mshahara, na posho yao, pale inapokuwapo, haitoshi nauli ya kushuka mjini na kupanda. Hata hivyo ndio wanaopaswa kupitisha mpango wa shule na bajeti yake, kusimamia ujenzi, kufuatilia utoro wa watoto na hata wa walimu, na kuwaeleza wazazi wenzao fedha zimeingia ngapi na zimekwenda wapi. Ni mzigo mkubwa kumtwika mtu ambaye asubuhi ile ile ametoka kupalilia.

Mama huyu hakuketi darasani utotoni. Kaka zake walipelekwa shule, yeye akabaki nyumbani kulea wadogo zake, na hilo halikuwa jambo la ajabu katika Upare ya wakati huo. Kalamu aliishika akiwa msichana mkubwa, Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Upare ikawekwa miongoni mwa maeneo machache, pamoja na Mafia, Ukerewe, Masasi, Kilimanjaro na Dar es Salaam, ambayo yalitakiwa kuufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya sherehe za miaka 10 ya Uhuru, Desemba 1971. Kisomo chao kilikuwa cha alasiri, baada ya kazi za shamba, na aliyewafundisha alikuwa kijana wa kijiji aliyekuwa amemaliza darasa la saba. Kutoka hapo mama alipata mambo mawili: mwandiko wa herufi kubwa zilizosimama wima kama miti ya kahawa iliyopandwa kwa kamba, na imani kwamba kitu kilichoandikwa kimeandikwa ili kisomwe. Imani hiyo ya pili ni adimu kuliko tunavyodhani. Nimewaona wasomi wengi wakitia saini karatasi wasiyoisoma, na kama nitakavyoeleza, wa kwanza wao ni mimi.

Aliingia kwenye kamati wakati elimu ya msingi nchini ilikuwa imefunguliwa mlango ghafla. Ada ya shilingi 2,000, ambayo vijijini tulizoea kuiita fedha ya UPE (elimu ya msingi kwa wote), ilikuwa imefutwa mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulianza mwaka 2002. Nchi nzima, wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka wapatao milioni 4.4 mwaka 2000 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Takwimu hizo zinapendeza ukizisoma katika ripoti. Sisi tulizipokea kwa namna nyingine: watoto wa darasa la kwanza walikaa wanne wanne kwenye dawati la watatu, wengine wakakaa chini, na darasa la pili likahamia chini ya mwembe. Pamoja na watoto zikaja fedha, na hilo lilikuwa jambo geni. Shule ambazo hapo awali hazikuwahi kushika zaidi ya fedha za kununulia chaki na madaftari ya mahudhurio zilitakiwa kuwa na akaunti benki, kupokea ruzuku, kujenga madarasa, kununua vifaa na kutunza stakabadhi. Wajumbe wa kamati walipewa semina ya siku chache, wakapewa vitabu vya mwongozo, wakaambiwa shule ni yenu.

Katika mwaka wa pili wa mpango huo tulipata fedha za vyumba viwili vya madarasa. Kijiji kilitoka kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kama kawaida yetu. Mawe, mchanga na maji vikapandishwa kichwani, na kuta zikafika kwenye lenta kabla ya masika. Mabati 96 yakaletwa na mfanyabiashara mmoja ambaye sitamtaja. Gari lilifika jioni, manyunyu yakianza, na dereva akihimiza saini ili ateremke mlima kabla barabara haijageuka utelezi. Hati ya kupokelea vifaa ilisema mabati ya geji 28. Niliyahesabu, yakatimia, nikatia saini, nikaenda nyumbani nikiwa na furaha.

Kesho yake asubuhi mama alikuja kwenye stoo akiwa na jembe lake begani. Akaomba bati moja litolewe nje kwenye mwanga. Akalishika ncha kwa vidole viwili, akalikunja bila jasho, kama mtu anayekunja jani la mgomba, kisha akaniuliza kwa upole mkubwa:

"Mwalimu, hili ni geji ngapi?"

Nikamwambia kwamba hati inasema 28.

"Hati nimeisikia, Mwalimu. Mimi nauliza bati."

Kwa wasiofanya kazi za ujenzi, geji ni kipimo cha unene, na namba inapopanda bati huwa jembamba zaidi. Fundi alipoitwa alilitazama akasema pasipo kusita kwamba lile ni geji 30, na kwamba katika mgongo ule wa mlima, upepo wa kipupwe ungelichezea kama karatasi. Tofauti ya bei kati ya geji hizo mbili, ukiizidisha kwa 96, haikuwa ndogo, na fedha zilikuwa zimekwisha kulipwa kwa bei ya geji 28.

Hapa ndipo deni langu linapoanzia. Kikao cha dharura kiliitwa, na mimi, badala ya kusema wazi kwamba nilikuwa nimepokea mzigo bila kuukagua, nilijitetea. Nilisema muda wa kukamilisha majengo unakwisha, kwamba wakaguzi kutoka wilayani wanatarajiwa, kwamba watoto wananyeshewa, kwamba bati ni bati. Wajumbe wengi waliniunga mkono, kwa sababu katika kijiji neno la mwalimu mkuu lina uzito hata likiwa halina maana. Mama alibaki peke yake. Hakupandisha sauti, alirudia tu kwamba saini ya kamati haiwezi kusema 28 wakati paa linasema 30. Niliporudi ofisini kuandika muhtasari, nikaandika sentensi ambayo naikumbuka neno kwa neno: "Mjumbe mmoja alitoa hoja zisizo za msingi ambazo zilichelewesha kikao."

Siku mbili baadaye aliteremka mjini pamoja na wazee wawili, wakiwa na bati moja lililofungwa kwa kanga kuukuu. Sisi Wapare tunataniwa na majirani zetu kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, na sioni haya kukiri kwamba utani huo una chembe ya ukweli. Mwaka 1945 wazee wetu waliteremka kwa maelfu hadi Same kuihoji serikali ya mkoloni juu ya kodi ya mbiru, na hawakuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Yule mfanyabiashara naye aligundua kwamba wageni wake hawana haraka. Walikaa barazani kwake, bati limeegemezwa ukutani mbele ya wateja, wakisema wanasubiri tu kuelezwa. Kabla ya wiki kwisha gari lilipanda tena na mabati ya geji 28, likayachukua yale mengine. Paa lile lipo hadi leo, na halijawahi kuezuliwa.

Mimi sikuurekebisha muhtasari.

Baada ya mkasa huo mama alinunua kaunta buku yake mwenyewe. Kila kilichoingia shuleni alikiandika humo: tripu za mchanga na jina la aliyezishuhudia, mifuko ya saruji, madawati yaliyotengenezwa na yaliyovunjika, vitabu vya kiada kwa darasa na kwa somo, hata taa ya chemli. Watoto wakampa jina la Bibi Kaunta Buku, na sidhani kama walikusudia ubaya. Mwanzoni nililichukia daftari lile. Nililiona kama askari aliyewekwa mlangoni kwangu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kwake lilikuwa jambo la kawaida kabisa, kwa sababu alikulia kwenye zamu za maji ya ndiva, ambako usiku bwawa hujazwa na mchana maji hugawanywa kwa zamu, kila shamba na saa yake, na asiyefika kwenye msaragambo wa kusafisha mfereji hutozwa. Mtu aliyezoea kugawana maji ya kiangazi hivyo hawezi kuona ajabu kuhesabu misumari. Wala hakuwa akinituhumu wizi. Alikuwa akinihesabu kama anavyomhesabu jirani yake mpenzi, na kama yeye alivyokuwa akihesabiwa.

Baada ya muda daftari lile likawa kinga yangu. Ruzuku ya uendeshaji ilikuwa imepangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kiasi ambacho mwaka 2002 kilikuwa sawa na dola 10 za Marekani, lakini katika miaka ile ilikuwa ikifika pungufu, tena kwa kuchelewa, na kila ilipopungua uvumi uliongezeka kwamba mwalimu mkuu anakula. Mama ndiye aliyeshauri kwamba kiasi halisi kilichoingia kibandikwe kwenye ubao wa matangazo siku ile ile, pamoja na tarehe, na matumizi yake chini, kwa mwandiko ambao bibi wa kisomo anaweza kuusoma. Miongozo ya serikali ilikuwa ikitaka hivyo tangu awali. Tofauti ni kwamba yeye alikuja Jumapili baada ya ibada, akasimama mbele ya ubao na kuwasomea kwa sauti wale wasioona vizuri. Uvumi ulikufa wenyewe. Nilistaafu bila doa, na watu hunisifu kwa uadilifu wangu, sifa ambayo nusu yake, kama si zaidi, ni mali ya mtu mwingine.

Nilipostaafu niliendelea kuishi kijijini, sasa nikiwa babu wa wanafunzi, kwa hiyo yaliyofuata niliyaona nikiwa upande wa wazazi. Januari 2016 elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa, darasa la kwanza lilifurika tena kama mwaka 2002, na safari hii ruzuku ikaanza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule kila mwezi, jambo ambalo lilikuwa la neema. Lakini wazazi wengi walilisikia neno "bila malipo" wakafunga mikono yote miwili. Mahindi na maharage ya chakula cha mchana yalikoma. Mambo yakazidi kuwa magumu Januari 2018, Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni, amri ambayo, nionavyo mimi, ilikuwa na sababu ya haki, maana kuna watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa ajili ya fedha ya mlinzi. Hata hivyo walimu wakawa wanaogopa hata kulitamka neno uji.

Kamati nyingi zilinyamaza. Mama aliusoma waraka, akausoma tena, akaona kwamba kinachokatazwa ni mtoto kuadhibiwa kwa sababu ya mchango na mwalimu kugeuzwa mkusanyaji, na kwamba wazazi kukubaliana wenyewe katika mkutano wa kijiji kulisha watoto wao ni jambo jingine. Akaenda nyumba kwa nyumba. Alikuwa na hoja moja tu, nayo ilikuwa ya shambani: punda hapandishwi mlima akiwa na njaa, sasa mtoto anayepanda kilomita nne asubuhi tunataka asome nini saa saba mchana? Aliyekuwa na debe alitoa debe, aliyekuwa na kisado alitoa kisado, na ambaye hakuwa na kitu alileta kuni au alipika zamu. Vyote viliandikwa kwenye kaunta buku, tena kwa sharti kwamba orodha ile mwalimu yeyote asiione, ili mtoto asije akatazamwa kwa jicho la debe au la kisado. Sharti hilo lilitoka kwake, na mimi niliyefundishwa saikolojia ya mtoto chuoni sikulifikiria.

Mwishoni mwa 2021, serikali ilipotoa fedha za mkopo wa UVIKO-19 kujenga madarasa 15,000 nchini, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama, kwa shilingi milioni 20 kila chumba, wilaya nzima ilikuwa mbiombio kukamilisha kabla ya Krismasi. Utaratibu uliotumika ni wa mafundi wa kawaida badala ya makandarasi, na kila mradi ulitakiwa kuwa na kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi ya vifaa. Mama aliombwa aingie kwenye ile ya mapokezi katika kituo shikizi cha kitongoji cha bondeni. Umri wake ulikuwa unakaribia miaka 70. Saruji ilipofika usiku, alikuwapo na tochi, amejifunika kanga mbili, akihesabu mfuko kwa mfuko huku akigusa kila mmoja kwa kiganja kujua kama umeganda. Safari hii hakuna aliyeandika kwamba anachelewesha kazi.

Nisiandike kama kwamba hakuwahi kukosea. Vikao alivyohudhuria vilikuwa virefu mno, na wajumbe wenye ng'ombe wa kukamua walikuwa wakitazama jua. Aliwahi kupinga ununuzi wa mashine ya kurudufu mitihani kwa kudhani ni anasa ya walimu, akashinda, na matokeo yake kwa miaka miwili tukalipa kwenye duka la vifaa vya ofisi mjini fedha ambazo zingenunua mashine hiyo na wino wake. Alipoonyeshwa hesabu katika daftari lake mwenyewe alicheka, akasema daftari halina undugu, na kikao kilichofuata mashine ikanunuliwa.

Wiki chache zilizopita wazazi walimuaga. Alipewa kitenge, jozi ya vikombe na cheti kilichowekwa kwenye fremu, na diwani alisema maneno mazuri. Sina ugomvi na hayo. Lakini nilipokuwa nimekaa pale nilitazama ukuta wa yale madarasa mawili ya MMEM, ambako kuna jiwe la uzinduzi lenye jina la kiongozi aliyefika siku moja, akakata utepe, akala pilau, akaondoka. Hakuna ukuta unaotaja ni nani aliyelikunja bati. Nchi nzima iko hivyo. Nasi tuliokuwa walimu wakuu tungeweza kuwataja watu wa namna hii mmoja mmoja kama tungekuwa na unyofu wa kueleza jinsi walivyotuokoa na uzembe wetu.

Kama viongozi wa halmashauri wanaisoma barua hii, ombi langu kwao ni la kazi zaidi kuliko la sherehe. Semina za kamati zilikuwa nyingi wakati wa MMEM kwa sababu zilikuwa na fungu. Mpango ulipokwisha, semina zikawa za kuotea mradi wa wafadhili. Mjumbe mpya anachaguliwa leo, anakabidhiwa jukumu la kusimamia mamilioni, na hajui hata kwamba kiwango kinachotakiwa ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, wala kwamba darasa halitakiwi kuzidi wanafunzi 45. Mama alivijua viwango hivyo kwa moyo, lakini alivijua kwa sababu aliwahi kupewa kitabu cha mwongozo, akaenda nacho nyumbani. Kitabu kama hicho kichapwe kwa Kiswahili chepesi, na kila mjumbe apewe nakala yake badala ya nakala moja inayofungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu. Ile shilingi 10,000 nayo inahitaji kutazamwa upya. Kwa thamani ya leo haifiki hata dola 5, na kamati inatakiwa kununulia vitu vile vile.

Kuhusu ule muhtasari, bado upo. Nilikwenda shuleni nikauomba, nikaukuta kwenye jalada lake, karatasi imekuwa ya rangi ya chai, sentensi yangu ikiwa pale pale na saini yangu chini. Kumbukumbu ya kikao haifutwi, na hata ingefutika nisingeigusa. Mwalimu mkuu wa sasa, ambaye alikuwa mwanafunzi wangu, amekubali kwamba barua hii ikichapishwa nitaikata gazetini naye ataiambatisha nyuma ya karatasi ile, ili yeyote atakayesoma moja asome na nyingine. Nilipita kwa mama kumweleza mpango huo. Alikuwa akianika tangawizi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nitakumbuka kuandika pembeni tarehe ya gazeti na namba ya ukurasa.

Mwalimu mstaafu,
Same, Kilimanjaro.